Uzoefu wangu na flashi ya Ubuntu: niliambiwa diski imekufa, kumbe nzima

Siku hiyo kompyuta yangu ya mezani iliwaka kama kawaida, feni zikazunguka, nembo ikatokea, kisha kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa kusema hakuna diski ya kuanzishia. Windows haikuonekana kabisa. Fundi niliyempigia simu alisikiliza maelezo yangu akasema diski imekufa, ninunue nyingine niweke Windows upya. Kwenye diski hiyo kulikuwa na picha za marehemu mama ambazo sina kwingine. Sikuweza kukubali kabla ya kuangalia mwenyewe.

Nilichotumia ni Ubuntu 24.04, mfumo endeshi wa bure kama ilivyo Windows, si kwa kuisakinisha, bali kwa kuiendesha moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Niliazima kompyuta ya ndugu yangu, nikapakua faili lake (ni zaidi ya GB 5, kwa hiyo andaa bando la kutosha), nikaliandika kwenye flashi ya GB 16 kwa programu ya Rufus. Kazi hiyo hufuta kila kitu kilichomo kwenye flashi. Kisha nikaichomeka kwenye kompyuta iliyogoma, nikachagua kuijaribu Ubuntu. Hapo tulia usome vizuri, maana ukichagua kusakinisha unaweza kufuta hicho hicho unachotaka kuokoa.

Diski iliyosemwa imekufa ilikuwa kwenye orodha, na folda ya mama imo. Nilifungua picha tatu nne kwanza, ndipo nikaanza kunakili kila kitu kwenye diski ya nje. Ningeishia hapo tu, bado ningeisifu flashi hii. (Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la data la Windows, uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48, la sivyo hutaona hata faili moja.)

Baada ya moyo kutulia nikatafuta chanzo. Ubuntu inakuja na programu iitwayo Disks, inayosoma taarifa za SMART, yaani zile diski inazojiwekea kuhusu afya yake. Sekta zilizohamishwa: 0. Zinazosubiri kuhamishwa: 0. Yaani diski haikuonyesha sehemu mbovu. Basi nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, kutafuta folda ya /sys/firmware/efi, ambayo huwepo pale tu kompyuta inapoanza kwa njia mpya iitwayo UEFI. Haikuwepo. Kompyuta ilikuwa imeanza kwa njia ya zamani, Legacy, ilhali diski yangu imegawanywa kwa mtindo mpya uitwao GPT na Windows yake haianzi bila UEFI. Lakini mipangilio hiyo sikuigusa mimi, wala mtu mwingine hapa nyumbani.

Jibu nililipata BIOS, ile sehemu ya mipangilio ya ubao mama: tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua kasha, nikatoa ile betri ya duara, CR2032. Mpya huwa na volti 3. Hii mita ilisoma 2.1. Ilipoishiwa, ubao mama ulisahau mipangilio yangu ukarudia ya kiwandani, ambayo kwangu ni Legacy. Niliweka betri mpya, nikarekebisha saa, nikarudisha UEFI, nikahifadhi. Windows ikafunguka, kila kitu mahali pake.

Kinachonisumbua ni kwamba flashi lazima uiandae kwenye kompyuta nyingine, na asiye nayo hukwama mwanzoni kabisa. Iandae sasa, kompyuta yako ikiwa bado inawaka. Na kama diski yako inagonga au kukwaruza, usikae ukiipima kwa Ubuntu wala kwa kitu kingine: izime mara moja, kwa sababu kila dakika inayozunguka inaweza kuharibu zaidi, na peleka kwa wanaookoa data.