TAHADHARI: Friji za gari za "boksi lililofunguliwa", nimepigwa 19,500 hapa Kisumu

Wenye magari ya kukodisha, hasa ninyi wa Hiace na Noah kuanzia Busia na Kakamega mpaka Nakuru, someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna muuzaji anayetembeza mtandaoni vifaa vya gari anavyoviita vya boksi lililofunguliwa, kwa nusu bei: friji za volti 12, inveta, keria, kamera za dashibodi. Mimi nililipa shilingi 19,500 kwa friji, nikaletewa kasha la plastiki lenye feni.

Jina la ukurasa wake siliandiki. Tangu mwezi wa sita limeshabadilika mara mbili, na likibadilika tena mtaona jina jipya mkadhani mko salama. Afadhali mjue anavyofanya kazi.

Hadithi yake ni tamu. Mteja wa ng'ambo alinunua, akafungua boksi, akaghairi, akarudisha dukani. Duka haliwezi kuuza tena kama mpya, basi linauza kwa jumla, na yeye analeta kwa kontena. Kwa kweli biashara ya namna hiyo ipo. Maduka ya Ulaya na Marekani huuza bidhaa zilizorudishwa kwa shehena nzima, na humo hutoka vitu vizuri tu. Ndiyo maana niliingia kichwa kichwa.

Tangazo lilikuwa la friji ya kompresa, lita 35, inayoshuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri. Mpya nilikuwa nimeulizia dukani, 46,000. Nami nilikuwa na haraka. Gari langu hupokea familia zinazoshuka uwanja wa ndege wa Kisumu kuja mazishini, na hukaa nazo kijijini siku mbili tatu. Mteja mmoja alinipigia akaniambia mama yake anatumia insulini, je, garini kuna friji? Nikasema itakuwepo.

Maswali niliuliza, tena ya maana. Mbona utepe wa boksi umekatwa? Boksi lilifunguliwa. Kitabu cha maelekezo kiko wapi? Boksi lilifunguliwa. Waranti je? "Bosi, hii ni boksi lililofunguliwa, kwa bei hii waranti utaitoa wapi?" Ukinunua kitu kipya ukakuta utepe umekatwa, unashtuka na kukirudisha palepale. Huyu amekwambia mapema usishtuke. Kila dalili ya wizi ameshaipa jina zuri kabla hujaiona, na wewe mwenyewe unamsaidia kuieleza.

Nikaomba video. Akatuma ya sekunde 11: taa ya bluu, skrini inasoma 18 chini ya sifuri, mkono unafungua kifuniko na kufunga. Hakuna sauti ya mtu, hakuna namba ya friji, hakuna kinachoonyesha ni leo au ni mwaka juzi. Nilipokwenda kulipa kwa till, ile namba ya M-Pesa ya kulipia dukani, simu ikaniletea jina la mwanamke badala ya la duka. Nikamuuliza. "Ni ya mke wangu, ya duka leo inasumbua." Nikabonyeza. Hapo makosa ni yangu, simsingizii mtu.

Mzigo ukaja na basi la usiku. Boksi lenyewe, nisidanganye, lilikuwa zuri: picha ya friji, ubavuni imeandikwa kompresa, lita 35. Nikalibeba kwa mkono mmoja kutoka ofisi ya vifurushi mpaka kwenye gari, mkono wa pili nimeshika simu naongea na mke wangu. Mkono mmoja! Friji ya kompresa ya ukubwa huo ina mota na mabomba ya gesi ndani yake, ni kilo kumi na ushee. Hii haikufika hata tano. Nikajiambia teknolojia imesonga mbele.

Nyumbani nikafungua. Kasha lilikuwa linacheza ndani ya boksi kama jino la mtoto, na nafasi zilizobaki zilikuwa zimejazwa magazeti yaliyokunjwa. Nikayanyoosha, si unajua mtu na gazeti. Yalikuwa ya hapahapa Kenya, ya mwezi wa tano. Sasa yule mteja wa ng'ambo aliyefungua boksi akaghairi, gazeti la Nairobi alilitoa wapi? Stika ya boksi ilikuwa na namba moja, ya chini ya kasha namba nyingine kabisa. Skrini hakuna. Badala yake kuna swichi ya kusukuma, upande mmoja kijani, mwingine nyekundu, baridi na moto.

Nikampigia. "Hiyo ni modeli nyingine bosi, zinapoza sawasawa." Nikaiwasha usiku ule, asubuhi nikakuta maji yana ubaridi wa kuridhisha. Nikanyamaza.

Jumamosi saa saba mchana tulikuwa Siaya, gari liko juani, ndani kama tanuri la mandazi. Kijana wa yule mama alikuwa amekuja na kipimajoto chake kidogo, kile cha kuweka pamoja na dawa. Kilisoma 21. Insulini ambayo haijaanza kutumika inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alinigeuzia tu kile kipimajoto nikione, akasema, "Kaka, ulisema kuna friji." Tukaendesha mpaka Ugunja, mwenye duka la dawa akatuhifadhia kwenye friji lake mpaka siku ya kurudi, na hakutaka hata senti.

Jumapili asubuhi gari nalo likakataa kuwaka. Nilikuwa nimeliacha lile kasha kwenye umeme usiku kucha nikidhani linajizima likishapoa, kumbe halina kitu cha kulizima. Wazee waliovaa suti za mazishi wakanisukuma mpaka barabarani.

Jumatatu nikampelekea fundi wangu wa umeme pale Kamas. Alilinyanyua, akacheka kabla hajashika bisibisi. Akafungua skrubu nane. Ndani mlikuwa na feni, bamba la alumini lenye meno, na katikati yake kigae cheupe cha sentimita 4 kwa 4, ukubwa wa biskuti, kina waya mwekundu na mweusi. "Jaduong' (mzee, kwa Kijaluo), friji yako ndiyo hii," akaniambia, akakiweka kiganjani mwangu.

Alivyonieleza ni hivi. Kile kigae kikipitishiwa umeme, upande mmoja unapoa na mwingine unapata moto. Ukigeuza waya, pande zinabadilishana, ndiyo maana ya ile swichi ya moto na baridi. Uvumbuzi wenyewe si wa wizi, wapo wanaouza kasha kama hilo kwa jina lake na kwa bei yake ndogo. Ila haliwezi kushuka zaidi ya nyuzi 15 hadi 20 chini ya joto la mahali lilipo. Usiku wa Kisumu ukiwa nyuzi 20, maji yatapoa na utafurahi kama nilivyofurahi. Mchana garini zikifika 38, hesabu mwenyewe. Na linakula ampea kama 5 bila kupumzika, kwa hiyo saa kumi za usiku ni ampea-saa 50. Betri ya gari ya ampea-saa 70 asubuhi itawasha nini?

Nikamtumia muuzaji picha za kigae, stika mbili, na magazeti. Jibu lake naliweka kama lilivyo: "Pole bosi. Boksi lilifunguliwa, labda yule mteja wa kwanza ndiye alibadilisha." Mnaona? Hata mwizi ameshapatikana, yuko Ulaya, hana jina. Akaniambia nitume Nairobi kwa gharama yangu, akate asilimia 20 ya usumbufu. Nilipomwomba anwani ya dukani akanifungia.

Pesa nilijaribu kuzirudisha. Nilituma ule ujumbe wa malipo kwa 456, namba ya M-Pesa ya kuomba pesa zirudishwe, lakini ile njia ilimfaa zaidi aliyekosea namba kuliko mimi niliyelipa nikijua namlipa nani. Nimeandikisha polisi, namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, ninayo. Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 inakataza mtu kuuza kitu kwa kudai kina uwezo ambao hakina, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai mpaka shilingi milioni moja bila lazima ya wakili. Shida ni kwamba lazima nimjue wa kumshtaki, na nilicho nacho ni jina la mke, kama ni mke.

Mkitaka bado kununua vya namna hii, na sisemi msinunue, mwambieni muuzaji arekodi video akitaja jina lako na tarehe ya leo, aonyeshe stika ya boksi kisha stika ya kifaa bila kukata. Kwa friji, asogeze simu karibu tuisikie kompresa ikiunguruma, na akuambie uzito. Uzito huo mkaulinganishe kwenye mizani ya ofisi ya vifurushi kabla hujachukua. Kinachouma ni kwamba mizani ilikuwepo pale, futi mbili kutoka nilipotia sahihi. Muuzaji wa kweli wa marejesho atakwambia pia ni nini hasa kilifunguliwa na nini kinakosekana. Jamaa yangu wa Kakamega alinunua keria hukohuko, ikaja bila vibano vya kushika mfereji wa paa, akaambiwa vibano vinauzwa kando. Keria bila vibano ni vyuma tu.

Waliouziwa na huyu, nitumieni picha za stika zenu, ya boksi na ya kifaa. Tukiwa wengi wenye till moja, polisi watakuwa na pa kuanzia.

Jana jioni nimeiona tena picha ileile, na video ileile ya sekunde 11, ukurasa jina jipya. Bei sasa 17,500. Chini wameandika imebaki moja tu, kama walivyoandika nilipoinunua mimi.