Kozi za kutuni injini: ipi inastahili fedha yako, na swali moja la kumwuliza mwuzaji

Mwaka jana nililipa shilingi 380,000 kwa darasa la siku mbili la kutuni injini, yaani kubadilisha mipangilio ya kompyuta ya gari ili lipate nguvu zaidi, hapa Dar es Salaam, nikakaa na wenzangu 15 kuizunguka Altezza moja, na kwa siku zote mbili kompyuta ilikuwa mapajani mwa mwalimu huku sisi tukitazama mgongo wake. Jumapili jioni kila mmoja alikabidhiwa cheti chenye utepe wa dhahabu pamoja na flashi iliyojaa mafaili ya mipangilio ya kompyuta za Subaru, Toyota na Nissan, ambayo tuliambiwa yote yamekwisha kujaribiwa. Wiki tatu baadaye nililipakia faili mojawapo kwenye Forester ya turbo ya binamu yangu. Gari likawa jepesi kweli, naye akafunga safari ya Mbeya akinisifu kwa kila aliyekutana naye. Katikati ya mlima Kitonga injini ilianza kutetema, moshi wa buluu ukatanda nyuma, na gari likaishia kuvutwa hadi gereji moja mjini Iringa.

Fundi mzee aliyeifungua injini alinipa pistoni ya silinda namba nne niishike mwenyewe. Ukingo unaobeba ringi ulikuwa umemeguka kipande chenye upana wa kucha ya kidole gumba, na uso wa juu wa pistoni ulikuwa na vidoa vidogo vingi, kana kwamba mtu ameupiga kwa ncha ya msumari. "Binti yangu," akaniuliza, "injini hii imegonga muda mrefu. Nani amechezea kompyuta yake?" Nilichelewa kumjibu.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitajali kozi ina saa ngapi, video zake zinang'aa kiasi gani, wala kama cheti chake kinatambuliwa, kwa sababu hayo kila tangazo linayataja. Ninapanga kozi kwa kigezo kimoja ambacho sijakiona kwenye tangazo lolote: je, mwanafunzi anafundishwa kupima mchanganyiko wa hewa na petroli wakati injini inavuta mzigo, kisha kuhifadhi vipimo hivyo na kuvisoma kabla ya kugusa namba yoyote?

Naomba nikae hapa kidogo. Ili petroli iungue yote bila hewa kubaki, kilo moja huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa, na uwiano huo ndio mafundi wa fani hii huuita lambda 1. Gari linapotembea polepole mjini, kompyuta yake hujitahidi kubaki hapo. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho kwenye injini ya turbo mambo hubadilika, kwa maana injini sasa inahitaji petroli ya ziada ili kupoza chumba cha mlipuko, na watunaji wengi hulenga lambda ya kati ya 0.78 na 0.82. Tatizo ni kwamba sensa ya oksijeni ya kiwandani kwenye magari mengi ya miaka ya 1990 haioni huko. Hutoa umeme wa takriban volti 0.1 hadi 0.9, nao huruka ghafla mchanganyiko unapovuka lambda 1, kwa hiyo inaweza kukwambia kwamba petroli imezidi au imepungua, lakini haiwezi kukwambia kwa kiasi gani. Hata sensa bora zaidi za baadhi ya magari yaliyofuata hazikukusudiwa kusoma vizuri mchanganyiko mzito wa injini inayosukumwa hadi mwisho.

Ndiyo maana kuna sensa ya waidibendi, mfano Bosch LSU 4.9, ambayo hufungwa kwenye bomba la moshi na kuunganishwa na kipimo chake, na hapo ndipo unapoona 0.80 ikiwa 0.80 kweli. Darasa nililolipia halikuwa na waidibendi hata moja. Tulipouliza, tulijibiwa kwamba mwalimu "anaisikia injini kwa sikio."

Faili nililopakia lilikuwa na kasoro nyingine ambayo kozi nzuri ingeniwezesha kuigundua. Magari mengi ya turbo yaliyouzwa Japani kwa ajili ya soko la ndani yalipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kwa kanuni haitakiwi kushuka chini ya okteni 96 (okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kutolipuka yenyewe kabla ya wakati), na mara nyingi huuzwa ikiwa na 100. Sijawahi kukuta pampu ya Dar inayouza 100. Mtu aliyeitengeneza taimingi ya plagi, yaani wakati inapotoa cheche, kwa mafuta ya Japani, akaisogeza mbele zaidi ili gari lipate nguvu, ameiachia injini yetu mgongano ndani ya silinda, yaani petroli kulipuka yenyewe, ambao sikio la mwalimu wangu lisingeusikia kutoka kiti cha mbele madirisha yakiwa wazi. Logi, yaani rekodi ya vipimo vya injini, ingeuonyesha, kwa kuwa sensa ya kugonga ilikuwa ikilalamika na kompyuta ikirudisha taimingi nyuma kila mara. Niliyakuta hayo baada ya injini kufa, nilipojifunza kusoma data.

Nafasi ya kwanza, bila aibu ya kuonyesha upendeleo, naipa High Performance Academy ya New Zealand. Ni masomo ya video ya mtandaoni, na najua kuna watakaoguna kwamba mtu hawezi kujifunza kazi ya mikono kwa kutazama skrini, nami nilikuwa mmoja wao hadi nilipolinganisha: katika darasa la ana kwa ana niliona mgongo wa mwalimu, na katika video za Andre Simon niliona skrini nzima ya kompyuta, gari likiwa juu ya daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari likiwa limesimama), na kila namba ikielezwa sababu ya kubadilishwa kwake. Anza na EFI Tuning Fundamentals, ambayo ni misingi ya petroli, taimingi na mgandamizo. Wana pia kozi inayojitegemea iitwayo Understanding AFR, yaani somo zima kuhusu kipimo kile kile ambacho darasa langu lilikifanyia mzaha, na kwangu mimi hiyo peke yake ilitosha kumaliza ubishi. Baada ya hapo chagua njia mojawapo kati ya mbili: Practical Reflash Tuning kama utabaki na kompyuta ya kiwandani, au Practical Standalone Tuning kama utafunga kompyuta mpya ya aina ya Link au Haltech. Usinunue zote mbili kwa pamoja kwa sababu tu kuna punguzo. Kasoro yake ni kwamba hakuna atakayekukopesha gari, kwa hiyo katika bajeti yako weka waidibendi kabla ya kozi ya pili, na vipimo vya mzigo mzito vifanye kwenye daino ya kukodi. Barabara ya Bagamoyo si mahali pa kujaribia gia ya tatu hadi mwisho.

Nafasi ya pili nawapa VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania, na najua uamuzi huu utawashangaza wengi, kwa maana vyuo vyao havifundishi kutuni. Vinafundisha ufundi na umeme wa magari, na huko ndiko mtu anakojifunza kupima kompresheni ya kila silinda, kutafuta hewa inayovuja kwenye mipira ya turbo, na kutumia multimita bila kubahatisha. Forester ya binamu yangu ilikuwa na mpira mmoja uliopasuka upande wa chini, ufa usioonekana mpaka uukunje kwa mkono. Hewa iliyokwisha kupimwa ilikuwa ikitorokea hapo, kompyuta ikimwaga petroli ya hewa ambayo haikufika kwenye silinda, nami nilipakia faili juu ya ugonjwa huo bila kuukagua. Aliye Kenya atazame vyuo vya ufundi vya kwao kwa jicho hilo hilo. Kama huna msingi huu, nafasi ya pili yangu iwe ya kwanza kwako.

Ya tatu ni EFI University ya Marekani, iliyoko Arizona, ambako unajifunza ana kwa ana. Kwa kigezo changu wanastahili kuwa juu zaidi, lakini ukijumlisha viza, ndege na malazi, fedha hiyo inatosha kununua injini nyingine na kuiharibu tena. The Tuning School ya Florida ina sifa nzuri kwa magari ya Kimarekani ya GM na Ford, nami sina mteja mwenye Corvette.

Baada ya hao wapo watengenezaji wa vifaa vya kusomea kompyuta, kama Alientech ya Italia, wenye mafunzo yao wenyewe. Kwa fundi wa malori na magari ya dizeli mafunzo hayo yana maana, ilimradi akumbuke kwamba anafundishwa kwanza kutumia kifaa chao.

Kozi za Telegramu za shilingi 15,000 ni video zilizoibwa. Programu ya bure ya RomRaider ya kusoma na kubadilisha mafaili ya kompyuta ya gari, kwa wenye Subaru, ina thamani kuliko kozi zote hizo za Telegramu.

Sasa nije kwa wauzaji wa hapa nyumbani. Ukiuliza bei hadharani unajibiwa "njoo inbox," ukifika inbox unaulizwa kwanza unaendesha gari gani, na kutokana na jibu lako bei hupangwa: mwenye IST analipa yake, mwenye Crown analipa yake, ingawa wote wawili watakaa kwenye benchi lile lile. Darasa linafanyika Dar, mwalimu anaishi Dar, kodi ya ukumbi inalipwa kwa shilingi, lakini ada hutajwa kwa dola, na siku ya kulipa dola hiyo huwa na bei ambayo hakuna benki inayoijua. Ukishalipa unaambiwa kwamba kebo ya kuunganisha kompyuta na gari inauzwa kando. Niliyouziwa mimi ilikuwa nakala bandia ya Openport, ikakatika mawasiliano mara mbili wakati wa kupakia, jambo ambalo linaweza kuifanya kompyuta ya gari isiwake kabisa. Nilipopiga simu kueleza yaliyotokea Kitonga, mwalimu aliniambia, "Dada, si ungeanza na gari lako?" Ada haikurudi, na gharama ya injini tumegawana mimi na binamu yangu, tukiilipa kidogo kidogo hadi leo.

Kabla ya kulipa popote, omba kitu kimoja tu: logi iliyorekodiwa na mwanafunzi wa darasa lililopita, yenye mzunguko wa injini, taimingi na lambda kwenye mstari mmoja wa muda. Haina siri ya biashara ndani yake, na aliyefundisha kweli anazo nyingi. Wiki iliyopita niliiomba kwa mwuzaji mwingine anayetangaza darasa la mwezi ujao. Alinitumia picha ya cheti, na nilipomweleza kwamba logi ni jedwali la namba, akanitumia namba ya kulipia.