Ziara ya siku moja Muscat hadi Sur, Oman: majahazi safi, historia nusunusu

Nyota tatu kati ya tano. Kampuni siitaji, maana dereva wao alikuwa mtu poa sana, Mwomani mwenye Kiswahili cha Unguja kabisa, shida ni ratiba. Muscat mpaka Sur ni kama kilomita 200 kwa barabara ya pwani, lami safi, Ghuba ya Oman kushoto milima kulia, halafu wanakumwaga bonde la Wadi Shab uogelee upige selfi weee mpaka jua linageuka. Qalhat tukaionea dirishani! Bandari iliyosafirisha farasi hadi India, msafiri wa kale Ibn Battuta kafika, Wareno wakaichoma 1508, UNESCO wakaiweka urithi wa dunia 2018, na sisi tunaipungia mkono jamani.

Ila Sur inalipa. Bahari inaingia ndani kama bwawa, wanapaita Khor al Batah, maji yametulia, ndo maana majahazi yaliundwa na kulala hapo. Karakana bado ipo, na karibu yake limewekwa Fatah al-Khair, ghanja (aina ya jahazi) kubwa lililoundwa hapohapo, likauzwa Yemen, miaka ya 90 watu wa Sur wakachangishana wakalirudisha kwao. Usiondoke kabla hujaangalia nakshi za kwenye tezi, yaani nyuma ya jahazi.

Mwongozaji alisoma kibao tu akamaliza. Dereva ndo akatufungulia: zamani upepo wa kaskazi ukishika manahodha walikuwa wanashuka na tende, chumvi na papa mkavu hadi Lamu, Mombasa, Unguja, wanasubiri kusi, wanapanda na boriti za mikoko za Lamu na Rufiji kwa sababu Ghuba yote miti ya kuezekea ilikuwa shida. Vyumba vya nyumba za zamani kule vyembamba, upana unaishia boriti inapoishia, nilipoambiwa hivyo nikaanza kuangalia dari za watu kila tunapopita 😂

Biashara ya watumwa je? Mwongozaji karuka, na Sur ilikuwemo sana, hata baada ya Sultan Barghash kufunga soko la Unguja 1873 kuna majahazi yaliendelea kwa kificho. Mtu katoka Bagamoyo au Kilwa analipa hela yake, mwambieni yote.

Ukienda, waambie kabla hujalipa wakate muda wa kuogelea wauweke Qalhat na Sur, na omba dereva anayejua Kiswahili. Nenda Novemba mpaka Februari, kiangazi cha huko utaungua.