Kruza ya safari ndefu: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Wenye kruza, zile pikipiki za kiti cha chini na miguu mbele, wengi wao wakipata hela ya kuiandaa pikipiki kwa safari ndefu huanza na feringi kubwa, ile inayofunika taa na usukani kama kwenye Harley-Davidson za safari. Inapendeza, sikatai, na pikipiki inabadilika sura siku hiyo hiyo. Ila kwa barabara zetu mimi naiweka nafasi ya nne. Orodha hii nimeipanga nikiwa na barabara moja kichwani, ya Dar es Salaam hadi Mbeya. Ni zaidi ya kilomita 800, na ina karibu kila kitu kinachomtesa mwenye kruza: joto la Chalinze na Morogoro, malori kwenye mlima wa Kitonga, baridi ya Juni na Julai ukishapita Iringa, halafu upepo wa Makambako unaokupiga ubavuni.

1. Kioo cha mbele kinachotoka bila spana

Kwenye kruza unakaa wima, miguu mbele, mikono imetanuka. Kifua chako kinakuwa tanga. Na nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo, inapanda kwa mraba wake: ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 110, upepo unakusukuma karibu mara mbili. Ndiyo maana mtu anafika Morogoro shingo na mabega vimekaza, analaumu kiti kumbe kiti hakina kosa.

Kimo ndicho cha kuangalia kabla ya bei. Kaa kama unavyokaa safarini, umevaa helmeti, viatu na jaketi lako. Ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa pua, macho yaone barabara kwa juu yake. Kikiwa kirefu hadi unatazama kwa kupitia humo, siku ya mvua ya usiku, matone na taa za lori linalokuja vikikutana kwenye kioo, huoni kitu. Kikiwa kifupi mno, upepo unaopanda juu yake unaishia kwenye helmeti, kichwa kinatikisika, na kelele inazidi hata ungeenda bila kioo. Kama umepata kirefu na unataka kukikata, bandika utepe pale unapofikiria kukata, uendeshe nacho siku chache ukiangalia kama mstari huo unakusumbua machoni. Ukishakata hakirudi.

Vingi ni vya akriliki au polikaboneti. Akriliki ni angavu na haichubuki haraka, lakini jiwe likirushwa na tairi la lori inaweza kupasuka. Polikaboneti inastahimili pigo, ila inachubuka kirahisi, kwa hiyo tafuta iliyopakwa tabaka gumu juu. Ioshe kwa maji mengi na sabuni laini. Petroli usiisogeze karibu, wala dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia, na usifute vumbi kwa kitambaa kikavu.

Kwa nini nasisitiza kinachotoka? Kwa sababu hicho kioo kinachokuokoa Makambako ndicho kitakachokupika kwenye foleni ya Dar.

2. Mabegi ya pembeni, pamoja na vyuma vyake

Mzigo wa pikipiki unatakiwa ukae chini na karibu na katikati. Boksi kubwa la nyuma linakaa juu, tena nyuma ya ekseli, na likijaa linaunyanyua uzito wa gurudumu la mbele; usukani unakuwa mwepesi pale pale unapouhitaji. Anza na mabegi ya pembeni.

Ya ngozi yanaendana sana na sura ya kruza, lakini yanataka kupakwa mafuta kila mara, na mvua ya masika yanainywa. Masanduku magumu yana kufuli na maji hayaingii, ila ni ghali na yanakuongezea upana kati ya magari. Kwa wengi wetu turubai zito lenye mfuko wa ndani usiopitisha maji linatosha kabisa.

Pesa usiibane kwenye vyuma vya kushikilia. Begi lililofungwa kwa mikanda tu linaweza kuhama hadi kwenye bomba la moshi au kwenye tairi. Kabla hujalipa, mwambie abiria akae, mtu mwingine akandamize nyuma kwa nguvu zote, wewe uiname uangalie nafasi iliyobaki kati ya begi, tairi na bomba.

Halafu soma kitabu cha pikipiki, uzito wa mwisho unaoruhusiwa. Kila kitu unachofunga kinakula humo humo, pamoja na wewe na abiria. Kruza ndogo kama Royal Enfield Meteor 350 ina kilo 191 na nguvu za farasi 20 hivi. Ikibeba watu wawili na mabegi yaliyoshiba, Kitonga utapanda kwa gia ndogo.

3. Mgongo wa kiti na bampa la injini

Hapa sina maneno mengi. Abiria mwenye pa kuegemea hakuvuti bega unapoongeza mwendo, na bampa linalinda injini na mguu pikipiki ikilala. Kama unanunua mpya, uliza kwanza kinachokuja nacho: Meteor 350 toleo la Supernova ilitoka kiwandani na kioo na mgongo wa kiti.

4. Feringi

Ile pana yenye umbo la popo Harley-Davidson waliileta kwenye Electra Glide mwaka 1969. Imefungwa kwenye shokapu za mbele, inageuka na usukani, kwa hiyo uzito wake na upepo wa ubavuni vyote unavisikia mikononi. Ya Road Glide imefungwa kwenye fremu, na kwenye upepo imetulia zaidi, lakini hiyo iliundwa pamoja na pikipiki yake. Ukiitaka, nunua pikipiki iliyo nayo.

Ya popo naipendekeza kwa kruza kubwa, cc 600 na kuendelea, kwa mtu anayezunguka Njombe na Mbeya zaidi ya pwani. Nunua yenye vishikio vya modeli yako na mwaka wake. Fundi akisema "tutatoboa kidogo", ondoka. Ikishafungwa, washa injini pikipiki ikiwa imesimama, geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mlio ukipanda, waya wa mafuta unavutwa. Mpira wa breki nao usikaze. Jaribu peke yako, bila mzigo, ukiongeza mwendo polepole. Usukani ukianza kutetemeka, punguza mwendo taratibu, rudi, ukague upepo wa tairi na beringi za shingo ya usukani, na feringi itoke hadi sababu ijulikane.

5. Umeme

Chaja ya simu kwanza, yenye fyuzi karibu na betri na inayozima na swichi ya ufunguo. Taa za ziada zifuate, baada ya kujumlisha wati: mbili za wati 20 zinakula zaidi ya ampea 3 kwenye betri ya volti 12, na alteneta ya kruza ndogo haina akiba kubwa. Hata ukiwa nazo, hifadhi ya Mikumi usipite usiku. Wanyama wanavuka.

Spika sizipangi popote, kwa sababu kwenye mwendo wa barabara kuu upepo unazimeza. Hela hiyo nunua vizibo vya masikio vya sponji, uvae chini ya helmeti tangu unapotoka Kibaha.