Uzoefu wangu na kibali cha dharura cha kusafiri wakati ombi la kadi ya kijani linasubiri: nyota tatu kati ya tano

Nianze na jibu, maana najua anayetafuta habari hizi usiku wa manane analitaka hilo kwanza: inawezekana kutoka na kurudi ombi likiwa bado linasubiri. Nimetoka Marekani, nimekaa Tanga siku kumi na mbili, nimerudi, na ombi langu la ukaazi kwa njia ya ndoa halijafutwa. Kilichonitoa na kunirudisha ni karatasi moja, na ndiyo naitolea maoni hapa.

Tulipeleka maombi Mei 2024, ada zikiwa zimebadilishwa mwezi mmoja tu nyuma. Zamani ukilipia fomu I-485, ndiyo ombi lenyewe la kadi ya kijani, kibali cha kazi na cha kusafiri vilikuwa humo humo. Tangu 1 Aprili 2024 kila kimoja na bei yake: I-485 dola 1,440, kibali cha kazi 260, kibali cha kusafiri, yaani fomu I-131, dola 630. Hapo bado I-130 ya mume, fomu ya kuniombea kama mkewe, 675 ukituma kwa karatasi. Mume wangu akapiga hesabu, akaniuliza, "Kwani mwaka huu unakwenda wapi?" Sikuwa na safari. I-131 tukaiacha.

Oktoba, saa tisa usiku, simu ya shangazi. Simu ya nyumbani ya saa hiyo huipokei mara moja, unaitazama kwanza. Baba kapigwa na kiharusi, kalazwa hospitali ya Bombo, ulimi mzito.

Jamaa tuliyemlipa kutujazia fomu (si mwanasheria, na hilo kosa ni letu) akaniambia risiti ya I-485 inatosha, niionyeshe tu uwanjani nikirudi. Rafiki yangu mwingine akasema yeye alikwenda Nairobi na kurudi bila kibali chochote. Nusura nikate tiketi. Kumbe yule rafiki ana visa ya kazi ya H-1B, na wenye H-1B na visa ya L, ile ya wanaohamishwa na kampuni yao, wana ruhusa yao ya pekee: wakirudi na visa hai, maombi yao hayaguswi. Mimi niliingia na visa ya mwanafunzi. Mtu wa aina yangu akivuka mpaka bila kibali mkononi, ombi la I-485 linahesabiwa kuwa limetelekezwa, hata kama visa ya mwanafunzi ingekuwa bado hai. Ada hairudi. Na risiti ni risiti, haimpandishi mtu ndege.

Nikapiga simu ya huduma ya idara ya uhamiaji. Mashine inakuzungusha mpaka uchoke. Nilipompata binadamu nikaeleza dharura, nikapigiwa tena kesho yake, nikapewa miadi ya siku ya tatu kwenye ofisi ya karibu. Nilikwenda na I-131 iliyojazwa, ada ile ile ya 630 tuliyoikwepa, picha mbili za pasipoti, risiti ya I-485, na barua ya hospitali. Hapo kwenye barua msifanye mchezo. Ya kwanza aliyoipiga picha kaka ilikuwa mistari miwili, "mgonjwa tajwa amelazwa wodini." Nikamrudisha kwa daktari aandike ugonjwa, tarehe na hali. Ikaja kwa Kiswahili, mwenzangu wa kazini akaitafsiri na kutia saini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Si lazima mtafsiri wa kulipwa.

Alasiri nikatoka nayo. Inaitwa I-512L, karatasi ya kawaida yenye picha yangu, utadhani cheti cha semina ya siku mbili.

Baba alinitambua. Akaniuliza kwa nusu ya mdomo, "Umerudi?" Nikamjibu, "Nimekuja, baba." Akafumba macho, tofauti aliisikia.

Kurudi ndiko kulikonitoa jasho, na si Marekani, ni Dar. Kijana wa kaunta akageuza pasipoti mara tatu. "Dada, visa yako imekwisha." Nikamwambia sisafiri kwa visa, nasafiri kwa hii. Hakuwahi kuiona. Akaitwa msimamizi, zikapigwa simu, foleni nyuma yangu ikanuna. Dakika arobaini. Nashukuru nilifika mapema mno, na nilikuwa na nakala za kuwaachia. Nyota ya kwanza imeondokea hapo.

Nilipotua, nikapelekwa chumba cha pembeni. Hiyo ni kawaida kwa wenye karatasi hii, msitetemeke. Simu huruhusiwi kushika, unasubiri jina. Nikaulizwa mume anafanya kazi gani, tunakaa wapi, nilikwenda kufanya nini. Mhuri, basi. Nyota ya pili imeondokea kwenye kitu ambacho hakuna aliyeniambia kabla: kibali hakikuhakikishii kuingia. Afisa wa mpakani ndiye mwenye neno la mwisho, na ulisharuka bahari.

Aliyewahi kukaa bila hadhi halali asinisikilize mimi, amwone mwanasheria wa kweli. Upo uamuzi wa mwaka 2012, wa Arrabally, unaosema kutoka kwa kibali hiki hakuhesabiki kama kule kuondoka kunakoleta marufuku ya miaka kumi ya kurudi Marekani. Lakini mwenye amri ya kufukuzwa nchini hesabu yake ni nyingine kabisa, akitoka amejifukuza. Pia kabla ya kufunga begi angalia kama umeitwa kuchukuliwa alama za vidole au kwenye usaili. Ukikosa bila kuomba tarehe nyingine, kibali hakikusaidii kitu.

Baba sasa anatembea na mkongojo. Mwezi uliopita nilijaza I-131 ya kawaida, ile ya kuiweka ndani kabla ya shida. Dola 630 nyingine. Mume wangu alitoa kadi ya benki, safari hii hakuuliza nakwenda wapi.