Sakafu mpya ya Beetle: bati jepesi au bati zito?

Karibuni tena gereji, watazamaji wangu. Dogo, sogeza kamera humu ndani, chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Mnaona hiyo nuru? Si taa. Hiyo ni saruji ya gereji, tunaiona kupitia sakafu ya gari!

Hii ni Volkswagen Beetle ya 1969, na maisha yake yote imekaa Tanga, kwa hiyo upepo wa chumvi umeitafuna vya kutosha. Lakini hapa kulia aliyefanya kazi ni betri. Kwenye Beetle betri inakaa chini ya kiti hiki, maji yake yakichuruzika kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi, bati linalika. Ukienda kununua gari kama hili, inua kiti kwanza, rangi utaisifia baadaye.

Fundi aliyenitangulia alifunika tundu kwa kipande cha bati bapa, akapaka puti juu. Jamani! Sakafu halisi ina mikunjo iliyopigwa kiwandani, na hiyo mikunjo ndiyo inayoipa ugumu. Bati bapa linalia kama debe tupu, na kutu chini yake inaendelea kula.

Haya, bidhaa zenyewe. Sakafu ya Beetle inauzwa nusu nusu, kushoto na kulia, kila nusu inachomelewa kwenye mgongo wa katikati wa chasisi. Hii ya kwanza niliinunua kwa sababu ya bei, sitaficha. Unene wake kama milimita 0.8. Naibonyeza kwa dole gumba... mmesikia hiyo? Imekuja bila reli za viti, na matundu ya bolti yamepishana na ya bodi kwa karibu upana wa kidole. Hii ya pili ni milimita 1.2, bei karibu mara mbili. Reli zipo, pa kuwekea jeki papo, na matundu yamekaa. Mawili tu nimeyapanua kwa tupa.

Angalieni mwaka wa gari kabla ya kutoa hela, maana kuanzia modeli za 1973 reli za viti ni za aina nyingine. Na hii rangi nyeusi inayokuja nayo, zote mbili, ni ya safari tu. Ikwangue, upake praima.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Bomba la petroli la Beetle linapita ndani ya ule mgongo wa katikati, palepale unapochomelea. Toa tanki, kausha bomba, betri iwe nje kabisa, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono wako, usiwe stoo. Nimeshaona mtu anawasha grainda huku harufu ya petroli inamfikia puani, anasema "ni kidogo tu."

Alama za weldi ya zamani nilizitoboa kwa drili, moja moja. Kukata kwa grainda ni haraka, lakini ukiteleza unakata ukingo wa mgongo, na ukingo ukiondoka sakafu mpya utaishikiza wapi? Kisha nikaipachika bila kuchomelea, nikakaza bolti zote za bodi, nikafunga mlango mara kumi. Mlango ulipokubali ndipo nikawasha weldi. Na nimefanya upande mmoja tu kwanza, chasisi isije ikapinda.

Hukumu yangu? Ile nyepesi nitaikata viraka vya kazi nyingine. Kwa siku nzima niliyopoteza kuilazimisha ikae, hiyo nafuu ya bei sijaiona. Ile nzito nunueni.

Tena rudisheni kifuniko cha betri. Springi za kiti zikigusa vichwa vya betri, gari linaungua nawe umo ndani. Changu hakikuwepo, nimekata kipande cha raba nene kwa sasa. Dogo, lete drili, tuhamie kushoto.