Pawasaplai "isiyo na kelele": sijui niisifu au niitupe

Mnisamehe, bado nina hasira.

Muda si mrefu uliopita nilinunua pawasaplai ya volti 12 kwa ajili ya oskileta yangu ya kwazi ya MHz 10 (kifaa kinachotoa mapigo ya umeme yasiyoyumba), ile inayokaa ndani ya kioveni chake cha kuitunzia joto. Tangazo liliapa kwamba haina kelele, yaani umeme wake hauna uchafu. Nikaiacha ipate joto saa kadhaa, nikatazama spektra, yaani mchoro wa masafa yote yaliyomo kwenye ishara. Ubavuni mwa MHz 10, kwenye Hz 50 huku na huku, vijiti viwili vimesimama kama masikio ya sungura, na vingine kwenye Hz 100. Ni vidogo, ndiyo. Lakini mimi naizidisha ishara hiyo mara 1,000 kufika GHz 10, na uchafu wote unapanda kwa desibeli 60.

Nikamwandikia muuzaji kwa heshima zote, na picha juu. Jibu: "Bosi, hiyo ni pawasaplai, si redio. Kelele unaisikia wapi?" Nikaeleza tena, taratibu. "Basi isogeze mbali na hicho kidude chako, utuache tufanye kazi."

Utuache tufanye kazi! Niliapa sitaisogeza hata inchi moja. Nikaleta betri ya risasi, ambayo hutulia kama maji mtungini, nipate ushahidi wa kumtolea uvivu. Vijiti vya Hz 100 vikatoweka. Vya Hz 50 vipo palepale! Pawasaplai ilikuwa bado inawaka pembeni, haijaunganishwa na kitu. Nikaizima, vikafa. Kumbe ni sumaku ya transfoma inayopokea umeme wa ukutani wa Hz 50, inaifuata oskileta hewani bila kupita kwenye waya.

Yaani yule bwana alisema kweli. Nimeisogeza hatua moja na Hz 50 karibu zimekwisha.

Nimpe nyota nne basi? Thubutu. Hz 100 zinatoka kwenye diodi zake, zinazogeuza umeme wa ukutani kuwa DC, na kuzizuia ni kazi ya reguleta yake, ile sehemu ya kutuliza volti. Nimelazimika kupandisha volti kidogo na kuweka reguleta mbili za kelele ndogo, LT3045, sambamba, maana moja hutoa miliampia 500 tu na kioveni kikiwa baridi kinadai zaidi. Sasa spektra ni safi. Na kusema haki, chombo chenyewe ni kizito, kimeundwa vizuri, hakijazima hata mara moja.

Nunueni, ila msimuulize kitu. Mimi sijamwambia kwamba alikuwa sahihi, na sidhani kama nitamwambia.